Kutofautisha Nzi wa Matunda Wanaofanana Milimani Afrika Mashariki: Ceratitis rosa na Ceratitis quilicii

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha spishi mbili za nzi wa matunda, Ceratitis rosa na Ceratitis quilicii, ambazo hadi mwaka 2016 zilihesabiwa kuwa spishi moja. Spishi hizi hushambulia matunda yanayofanana na huingia katika mitego ileile, lakini moja huelekea kutawala katika ardhi ya chini yenye joto na nyingine katika miinuko yenye baridi. Makala yanaonesha alama za mwili zinazotumika kuwatambua madume, sababu za alama hizo kutofaa kwa majike na mabuu, na mchango wa vinasaba na kemia. Hoja kuu ni kwamba mwinuko wa mahali nzi aliponaswa ni dalili ya spishi yake, si uthibitisho. Kwa hiyo, orodha za visumbufu, mipango ya udhibiti na vyeti vya mazao ya nyanda za juu havina budi kujengwa juu ya sampuli zilizotambuliwa na kuhifadhiwa. Mwishoni, makala yanagusia istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili maarifa haya yawafikie maofisa ugani na wakulima.

Maneno muhimu: nzi wa matunda, spishi fiche, mwinuko, karantini ya mimea, istilahi

1.0 Utangulizi

Nzi wa matunda wa familia ya Tephritidae ni miongoni mwa visumbufu vinavyowatia hasara kubwa wakulima wa Afrika Mashariki. Jike hutoboa ganda la tunda kwa ncha ya tumbo lake na kutaga mayai ndani; mabuu huanguliwa humo, hula nyama ya tunda, kisha hutoka na kujichimbia udongoni ili yawe pupa. Hasara hutokea mara mbili. Kwanza, tunda huoza au huanguka kabla ya kuvunwa. Pili, tunda linaloonekana zima kwa nje linaweza kuwa limebeba mabuu, na buu moja tu likigunduliwa bandarini hutosha kuufanya mzigo mzima ukataliwe.

Mjadala wa kisera kuhusu wadudu hawa umeelekezwa zaidi kwenye maeneo ya chini yanayolima embe. Wakati huohuo, kilimo cha parachichi kwa ajili ya soko la nje kimeenea katika nyanda za juu: Murang'a na maeneo mengine ya Kenya ya kati, mitelemko ya Kilimanjaro, Njombe na Rungwe. Miinuko hii ina jamii yake ya nzi, ambayo si nakala ya ile ya pwani. Swali la nani hasa anaishi huko haliwahusu wataalamu wa wadudu peke yao. Mamlaka za afya ya mimea hulijibu kila zinapotoa cheti cha kusafirisha matunda.

Ugumu wa swali hilo unatokana na kufanana. Nzi wawili wanaweza kulingana kwa ukubwa, rangi na madoa ya mabawa, wakala tunda moja na kuvutwa na chambo kimoja, na bado wakawa spishi mbili. Spishi za namna hii huitwa spishi fiche katika makala haya.

2.0 Jina Moja Lililogawanyika

Ceratitis rosa ilipewa jina na Karsch mwaka 1887. Kwa zaidi ya karne moja, jina hilo lilitumika kwa nzi waliokusanywa kutoka Afrika Kusini hadi Kenya, na hata katika kisiwa cha Réunion. Wataalamu waliiweka spishi hiyo katika kundi moja na ndugu zake wawili wa karibu: Ceratitis anonae, iliyoelezwa na Graham mwaka 1908, na Ceratitis fasciventris, iliyoelezwa na Bezzi mwaka 1920. Kundi hilo likaja kuitwa kundi la FAR, kutokana na herufi za kwanza za majina fasciventris, anonae na rosa.

Mashaka yalianza pale uchunguzi wa vinasaba ulipofanywa kwa sampuli za nchi mbalimbali. Mwaka 2013, Virgilio na wenzake walitumia alama za vinasaba ziitwazo mikrosatelaiti, wakapata makundi matano badala ya matatu waliyoyatarajia: mawili ndani ya fasciventris, moja la anonae, na mawili ndani ya rosa. Haya mawili ya mwisho yaliitwa R1 na R2. Kwa kuwa R1 ilionekana zaidi mahali pa joto na R2 mahali pa baridi, baadhi ya watafiti waliziita pia rosa wa joto na rosa wa baridi.

Mgawanyiko huo ulichunguzwa kwa njia kadhaa kwa pamoja, chini ya mradi wa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kati ya mwaka 2010 na 2015. Mashirika hayo yalikuwa na sababu ya kivitendo. Mbinu ya kuachilia madume yaliyohasiwa kwa mionzi hufaulu tu ikiwa madume hayo yatapandana na majike ya porini. Iwapo madume ni ya spishi moja na majike ni ya nyingine, fedha na kazi yote huweza kupotea bure.

Matokeo ya maumbile, vinasaba, kemia ya mwili na mazingira ya kuishi yalielekea upande mmoja. Mwaka 2016, De Meyer, Mwatawala na Virgilio waliielezea R2 kuwa spishi kamili na kuipa jina la Ceratitis quilicii, kwa heshima ya marehemu Serge Quilici, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi yake Réunion. R1 ilibaki na jina la zamani, Ceratitis rosa.

Mabadiliko haya yana tokeo moja ambalo wasomaji wa taarifa za zamani wanapaswa kulizingatia. Maandishi ya kabla ya mgawanyiko yanayotaja "Ceratitis rosa" yanaweza kuwa yanazungumzia spishi yoyote kati ya hizi mbili, au zote kwa pamoja. Jina limebaki lilelile lakini maana yake imepungua.

3.0 Alama za Utambuzi

3.1 Kutoka jenasi hadi kundi

Hatua ya kwanza ni kuwatenga nzi wa jenasi Ceratitis na wale wa jenasi Bactrocera, ambao mara nyingi hupatikana katika shamba moja. Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa Mashariki, ana michirizi miwili ya manjano mgongoni mwa kifua, alama nyeusi yenye umbo la herufi T juu ya tumbo, na mabawa angavu yenye ukanda mwembamba mweusi kwenye ukingo wa mbele. Nzi wa Ceratitis wana mwili mfupi na mnene zaidi, na mabawa yao yana mikanda ya manjano au kahawia pamoja na vitone na vistari vidogo karibu na shina la bawa.

Hatua ya pili ni kuwatenga nzi wa Ceratitis wenyewe kwa wenyewe. Dume la Ceratitis capitata, yaani nzi wa matunda wa Mediterania, hutambulika kwa jozi ya nywele za kichwani zilizotanuka nchani kama kijikasia. Dume la kundi la FAR halina alama hiyo. Badala yake, miguu yake ya kati ina safu za nywele ndefu zinazofanana na manyoya ya ndege. Mpangilio wa nywele hizo, pamoja na umbo na rangi ya mguu wenyewe, ndio unaotumika kuzitenganisha spishi za ndani ya kundi.

3.2 Muundi wa dume

Tofauti kati ya C. rosa na C. quilicii inatafutwa katika sehemu moja ndogo: muundi wa mguu wa kati wa dume, yaani kipande kinachofuata paja. Katika spishi zote mbili, muundi huu una manyoya na eneo jeusi. Katika C. rosa, muundi ni mpana zaidi, hupungua ghafla karibu na shina lake, na kwa kawaida weusi haufiki kwenye kingo kwa urefu wote. Katika C. quilicii, muundi ni mwembamba zaidi, hupungua polepole kuelekea kwenye shina, na weusi hufika kwenye kingo, hasa katika sehemu ya mbali na mwili.

Alama hizi huhitaji hadubini, mwanga mzuri na mguu usioharibika. Nzi aliyekaa wiki kadhaa ndani ya mtego wenye unyevunyevu huweza kupoteza nywele au kubadilika rangi. Ndiyo maana usomaji wa mitego kwa vipindi vifupi ni sehemu ya utambuzi wenyewe.

3.3 Majike na mabuu

Hakuna alama ya muundi inayosaidia kwa majike, kwa sababu majike hayana manyoya hayo. Jike la C. rosa na jike la C. quilicii haliwezi kutofautishwa kwa uhakika kwa kutazamwa tu. Vipimo vya umbo la bawa, ambapo sehemu zinapokutana mishipa ya bawa hupimwa na kulinganishwa kwa hesabu za takwimu, vimeonesha tofauti kati ya makundi, lakini ni kazi ya maabara inayohitaji sampuli nyingi za kulinganishia. Uchunguzi wa kemikali zilizo juu ya ngozi ya nzi na harufu zinazotolewa na madume umeonesha tofauti pia.

Mabuu ni tatizo kubwa zaidi, maana ndiyo yanayokutwa ndani ya matunda yanayosafirishwa. Ofisa wa karantini hupata buu jeupe lisilo na mguu wala bawa. Hata njia ya msimbopau wa vinasaba, inayotumia kipande cha jeni ya mitokondria na inayofaa kwa wadudu wengi, haizitenganishi vizuri spishi za kundi la FAR. Mikrosatelaiti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini zinahitaji vifaa, kemikali na wataalamu ambao hawapo katika kila kituo cha mpakani.

Hapa kuna mkanganyiko ambao mwenye kupanga sera anapaswa kuuona wazi. Vivutio kama trimedlua na mafuta ya tangawizi yaliyoimarishwa huwavuta madume, nayo madume ndiyo yanayotambulika kwa hadubini. Matunda hubeba mayai na mabuu, nayo hayatambuliki kwa njia hiyo. Ufuatiliaji wa shambani na ukaguzi wa mpakani hutazama hatua mbili tofauti za maisha ya mdudu mmoja. Majibu yake huungana tu pale ambapo mabuu yaliyomo kwenye matunda yanafugwa hadi yawe nzi kamili, au pale ambapo maabara ya vinasaba inapatikana.

4.0 Ushahidi wa Mteremko

Milima ya Uluguru, inayoinuka kutoka mji wa Morogoro, imekuwa mahali muhimu pa kuchunguza jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, waliweka mitego katika vituo vilivyopangwa kwenye mteremko, kuanzia chini karibu na mji hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Bactrocera dorsalis alitawala chini na kupungua kadiri mwinuko ulivyoongezeka. Mwaka 2015, Mwatawala na wenzake walionesha kwamba aina mbili za rosa nazo ziligawana mteremko: R1 ilikuwa zaidi sehemu za chini, na R2 ilizidi sehemu za juu.

Utafiti wa maabara nchini Kenya ulieleza sababu mojawapo. Nzi wa rosa kutoka pwani na wale kutoka nyanda za juu walilelewa katika viwango mbalimbali vya joto visivyobadilika. Aina ya nyanda za juu ilistahimili zaidi baridi. Aina ya pwani ilistahimili zaidi joto. Hivyo mgawanyo unaoonekana mlimani unahusiana na maumbile ya ndani ya nzi wenyewe, na si aina ya matunda yaliyopandwa pekee.

Hata hivyo, mgawanyo huo si ukuta. Katika sehemu za kati za mteremko spishi zote mbili hupatikana pamoja, na nchini Afrika Kusini zimekutwa zikiishi katika maeneo yaleyale. Mpera ulio katikati ya mlima unaweza kuzihifadhi zote kwa msimu mmoja. Aidha, mpaka unaotokana na joto unaweza kuhama joto linapobadilika. Jedwali linalosema "chini ni rosa, juu ni quilicii" litakuwa sahihi mara nyingi, nalo litapotosha pale hasa ambapo uhakika unahitajika: kwenye eneo la mpito, na kwenye eneo ambalo spishi mpya ndiyo kwanza inaingia.

5.0 Funzo la Bactrocera

Historia ya karibuni ya kanda inaonesha uzito wa majina. Mwaka 2003, nzi mgeni wa jenasi Bactrocera aligunduliwa Kenya na Tanzania. Mwaka 2005 alielezwa na Drew, Tsuruta na White kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Kwa miaka kumi jina hilo lilitumika katika sheria, orodha za karantini na majadiliano ya biashara. Mwaka 2015, baada ya ushahidi wa maumbile, vinasaba na upandanaji kukusanywa, Schutze na wenzake waliliunganisha jina hilo na Bactrocera dorsalis.

Katika kipindi hicho masoko hayakusubiri. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango kwa parachichi za Kenya kwa sababu ya nzi huyo. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka embe katika Umoja wa Ulaya kutokana na nzi wa matunda waliokuwa wakinaswa kwenye mizigo, na biashara hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2021.

Visa hivi viwili vinakwenda pande tofauti. Katika Bactrocera, majina mawili yaligeuka kuwa spishi moja. Katika rosa, jina moja liligeuka kuwa spishi mbili. Lakini vyote vinafundisha jambo moja. Jina la kisayansi ni kauli inayoweza kusahihishwa, na nchi inayotegemea jina pekee, bila kuwa na sampuli nyuma yake, haina namna ya kuisahihisha kauli yake pale sayansi inaposonga mbele.

6.0 Maana Yake kwa Sera

Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea umeweka viwango vinavyogusa suala hili moja kwa moja: kiwango namba 6 kuhusu ufuatiliaji, namba 8 kuhusu kutamka hadhi ya kisumbufu katika eneo, namba 26 kuhusu maeneo yasiyo na nzi wa matunda, na namba 27 kuhusu itifaki za utambuzi. Viwango vyote hivi huchukulia kwamba spishi inayozungumziwa imetambuliwa sawasawa. Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, orodha za kitaifa za visumbufu zinapaswa kupitiwa upya ili kila ingizo la C. rosa lioneshe kama linahusu maana ya zamani au maana ya sasa. Pale ambapo sampuli za zamani zipo, miundi ya madume ichunguzwe. Pale ambapo hazipo, ingizo liandikwe kuwa halijathibitishwa, badala ya kugawanywa kwa kukisia kutokana na mwinuko wa wilaya.

Pili, kila mpango wa mitego utenge sampuli za kuhifadhiwa: baadhi zikiwa kavu kwenye pini kwa ajili ya hadubini, na nyingine ndani ya alkoholi kwa ajili ya vinasaba, zote zikiwa na tarehe, mahali, mwinuko na aina ya tunda au kivutio. Hesabu ya nzi walionaswa bila nzi wenyewe haiwezi kuhojiwa tena.

Tatu, udhibiti wa nyanda za juu upangwe kwa mujibu wa jamii ya nzi wa huko. Methili eujenoli, kivutio kinachotumika sana dhidi ya B. dorsalis katika mashamba ya embe, si kivutio cha C. rosa wala C. quilicii. Mkulima wa mlimani anayepewa mtego wa mkulima wa pwani anaweza kuona mtego mtupu na kudhani kwamba shamba lake ni salama.

Nne, utambuzi wa vinasaba uwe huduma ya kanda. Si lazima kila nchi iwe na kila kifaa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, KEPHIS ya Kenya, kituo cha icipe jijini Nairobi na vyuo vikuu vya kilimo vinaweza kugawana kazi, ili buu lililokutwa mpakani lipate jibu kabla mzigo haujaharibika. Milima na masoko ya Afrika Mashariki huvuka mipaka. Taarifa nazo hazina budi kuvuka.

7.0 Suala la Istilahi

Katika vitini vya ugani vya Kiswahili, neno "nzi wa matunda" hubeba mzigo wote: nzi mgeni na mwenyeji, wa pwani na wa milimani. Kwa mkulima anayehitaji tu kufukia matunda yaliyoanguka, neno hilo linatosha. Kwa ofisa ugani anayechagua kivutio, halitoshi.

Makala haya hayapendekezi kila spishi itafutiwe jina la Kiswahili. Majina ya kisayansi yatumike yalivyo, kwa kuwa ndiyo yaliyo kwenye vyeti na sheria. Kinachohitajika ni istilahi chache za kufanyia kazi: spishi fiche kwa spishi zisizotenganishika kwa macho; kivutio kwa kemikali inayoita nzi, na chambo kwa chakula kilichochanganywa na kiuatilifu; muundi kwa kipande cha mguu kinachofuata paja; na sampuli rejea kwa mdudu anayehifadhiwa ili kuthibitisha taarifa. Maneno haya tayari yamo katika lugha. Kazi iliyobaki ni kuyapa mipaka ya maana na kuyatumia kwa namna moja pande zote za mipaka.

8.0 Hitimisho

Tofauti kati ya Ceratitis rosa na Ceratitis quilicii imo katika upana wa muundi mmoja na ukingo wa rangi nyeusi, mambo ambayo jicho tupu haliyaoni. Nyuma ya tofauti hiyo ndogo kuna nzi wanaostahimili viwango tofauti vya joto na wanaotawala sehemu tofauti za mlima. Mwinuko husaidia kuelekeza mahali pa kutafuta, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya kutazama. Nchi zinazopanua kilimo cha matunda milimani zitaulizwa na masoko yao ni spishi ipi iliyopo na ipi haipo. Jibu litakaloaminika ni lile linaloweza kufunguliwa ndani ya kabati la sampuli, likawekwa chini ya hadubini, na kuonwa tena na mtu mwingine.